Nani Alimweka Mchungaji? Safari ya Kuzunguka Miguu ya Meru

Waulize wazee wa kanisa mjini Arusha nani alileta Injili, watakujibu upesi: Wajerumani wa Leipzig, mwaka fulani, walipiga kambi pale. Waulize ni mwenyeji gani wa kwanza kuvaa joho na kushika kikombe cha Meza ya Bwana, hapo kiti kinasogezwa karibu na chai inaongezwa, maana swali hilo linagusa koo za watu.

Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya Wabaptisti. Nilitaka kujua kanisa lililoingia Tanganyika mwaka 1956 lilifanyaje hata likawa na chuo cha kufundishia wachungaji Arusha mwaka 1962. Ni miaka sita tu. Lakini huwezi kujua kama miaka hiyo ni michache au mingi mpaka uwe na cha kuipimia, na kipimo kiko palepale mlimani. Wabaptisti walipofika Meru palikuwa tayari na kanisa la Kilutheri lenye zaidi ya nusu karne, lenye makaburi yake, mashamba yake na ugomvi wake. Nikaamua kuanzia huko, na Ngaramtoni kwa Wabaptisti nifike mwisho.

Mahali pa kuanzia ni Boma, hatua chache kutoka Mnara wa Saa. Siku hizi ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na watalii wengi huingia kutazama mifupa na wadudu kabla ya kupanda magari ya Ngorongoro. Kuta zake nene nyeupe zilijengwa na Wajerumani karibu na mwaka 1900, na waliobeba mawe ni Waarusha na Wameru, kwa lazima, wakiwa wamekwisha kushindwa vita. Tarehe 2 Machi mwaka huo, kule Moshi, Wajerumani walinyonga viongozi wa Kilimanjaro na Meru kwa pamoja. Jina la Mangi Meli wa Moshi ndilo linalotajwa kila mwaka. Katika kundi lile alikuwamo pia Mangi Lobolu wa Wameru, na Maraai wa Waarusha. Nilitangulia kupita hapo kwa sababu historia ya kanisa la Meru huanza kusimuliwa kwenye kaburi la wazungu wawili, na mtu asiyepita Boma kwanza anaweza kudhani waliokufa ni hao wawili tu.

Haisi ya Usa River niliipanda Jumamosi asubuhi, kosa la mtu asiyeishi Arusha, kwani Jumamosi ni siku ya soko Tengeru. Konda aliita "Usa, Usa, Tengeru!" huku gari limekwisha kujaa mikungu ya ndizi, ndoo za parachichi na kina mama waliokuwa wakibishana bei hata kabla ya kushuka. Barabara sasa ni ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, lakini watu wameijaza vilevile. Upande wa kushoto mlima ulijitokeza kidogo kati ya mawingu. Meru una zaidi ya mita 4,500, ila kwa kuwa Kilimanjaro iko jirani haupati heshima yake. Wenyeji hawajali sana. Maji yao hutoka Meru.

Nikashuka, nikachukua bodaboda ya kupandisha Akeri. Njia inapita katikati ya migomba na kahawa, na mifereji inavuka barabara kila mahali. Kijana wa bodaboda aliponiuliza naenda kwa nani, nikamwambia naenda kuona makaburi ya wamisionari. Akacheka, akasema bibi yake ndiye anayejua habari hizo. Yeye anajua tu kwamba kila mgeni wa kanisa lazima apelekwe.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi Oktoba 1896 vijana wawili wa Shirika la Misioni la Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walikuja kutoka Uchagani kuanzisha kituo kwa Wameru. Wote wawili walikuwa na miaka ishirini na kitu. Ingawa husemwa kuwa ni Wajerumani, Ovir alikuwa mwenyeji wa Estonia na Segebrock alitoka Latvia, nchi zilizokuwa chini ya mfalme wa Urusi. Walipewa mahali pa kupiga kambi Akeri, na walikuwa pale siku chache tu. Usiku wa kuamkia tarehe 20 wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru waliwavamia wakawaua, pamoja na wasaidizi wao Wachaga.

Mzee wa kanisa aliyenipokea, mtu mwenye sauti ya chini na fimbo ya mgunga, hakutaka nilisikie jambo hilo kama ukatili wa washenzi. "Mwanangu," alisema, "mtu akija kwako usiku na mwenzake ana bunduki, utajuaje huyu ana Biblia?" Kwa kweli alikuwa amegusa kiini cha habari. Siku hizohizo Kapteni Johannes, mkuu wa jeshi la Wajerumani pale Moshi, alikuwa na kambi yake si mbali, akiwa na askari. Wapiganaji waliona wazungu wameingia nchini kwa makundi mawili, wakayapiga yote. Kisasi cha Johannes kilianza kabla ya mwaka kwisha. Alikuja na askari pamoja na maelfu ya wapiganaji wa Kichaga, nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakaswagwa. Watu waliokufa kwenye kisasi hicho hawana kaburi la kupelekea wageni.

Niliona jambo moja la kustaajabisha Akeri. Wanaotunza makaburi ni wajukuu na vitukuu wa wapiganaji walewale. Hakuna anayejificha. Kinamama wa usharika huyafagia kama wanavyofagia makaburi ya nyumbani, na mzee alinionyesha upande ambao anaambiwa wapiganaji walitokea, kwa kidole, kama mtu anayekuonyesha njia ya kwenda dukani. Nilimuuliza kuhusu wale Wachaga waliokufa pamoja na wamisionari. Alinyamaza kidogo, akasema hao nao ni mashahidi. Nadhani ndio waanzilishi wa kwanza wa kanisa hili waliokuwa Waafrika, na katika masimulizi mengi hutajwa kwa neno moja tu, wasaidizi.

Leipzig hawakukata tamaa. Mwaka 1902 Arno Krause alifungua kituo Nkoaranga, juu zaidi, na mwaka 1904 kikafunguliwa kingine Ilboru kwa ajili ya Waarusha. Nkoaranga nilifika Jumapili. Hospitali ya kanisa bado ipo na ndiyo inayojulikana kuliko kanisa lenyewe. Muulize mtu yeyote Usa River, atakwambia alizaliwa pale au mtoto wake alizaliwa pale. Ibada ilikuwa ndefu, kwaya zilikuwa nyingi kuliko muda, na vitabu vya Mwimbieni Bwana vilivyochakaa vilipita mikono mitatu kwa kila benchi. Baadaye tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka. Mkungu wa ndizi uliotolewa na mama mmoja ulinunuliwa, ukarudishwa, ukauzwa tena, na kila mara mnadishaji akamtaja mnunuzi kwa jina la ukoo ili jirani yake aone haya. Nilinunua mayai ambayo sikuwa na pa kuyapika. Nikampa mama aliyekaa karibu nami.

Nilikuwa nimekaa na wainjilisti wawili. Katika kanisa la Kilutheri mwinjilisti ndiye anayekaa na watu: anafundisha kipaimara, anazika, anaamua ugomvi wa mipaka ya shamba, kisha mchungaji anakuja na vyombo vya Meza ya Bwana. Mpangilio huo haukuanza jana. Tangu 1902 kazi ya kila siku ilifanywa na walimu na wainjilisti wenyeji katika shule ndogo za vijijini, wakilipwa kidogo au bila kulipwa, lakini kubatiza na kutoa Meza ya Bwana kulibaki mikononi mwa wazungu. Kati ya kufunguliwa kwa Nkoaranga na kubarikiwa kwa wachungaji wa kwanza wenyeji katika eneo hili ilipita miaka 32.

Wa kwanza kwa Waarusha alikuwa Lazaros Laiser, aliyebarikiwa mwaka 1934. Kwa ajili yake nilipanda Ilboru.

Ilboru siku hizi ni kitongoji cha mji. Unaacha barabara kuu Mianzini, unapanda, na kabla hujachoka umefika. Wengi wanaijua kwa shule ya sekondari ya vipaji maalumu, ambayo sasa ni ya serikali, lakini kilima chote kilikuwa cha misioni. Mmisionari aliyekaa hapo muda mrefu zaidi, Leonhard Blumer, alifika mwaka 1907, naye pia alitoka Estonia, nchi ya Ovir. Uraia huo uliokoa kazi. Wajerumani walipofukuzwa Tanganyika mwaka 1920 baada ya kushindwa vita, yeye aliweza kubaki. Walutheri wa Augustana wa Marekani walikuja kusaidia, na Leipzig wakarudi katikati ya miaka ya 1920. Kwa hiyo hata pale historia ilipowapa wamisionari sababu nzuri ya kukabidhi kanisa kwa wenyeji, walipatikana wazungu wengine wa kuziba pengo.

Mchungaji na mwanahistoria Joseph Parsalaw, aliyeandika historia ya kanisa la Arusha kuanzia 1904 hadi 1958, ndiye aliyenifanya nimtazame Laiser vizuri. Laiser ni jina la ukoo wa Kimasai, na mtu wa jina hilo aliposimama madhabahuni Waarusha waliona ndugu yao amevaa joho, wala si karani wa mzungu. Hilo lilikuwa na uzito kwa watu ambao maisha yao yote yalipangwa na rika na ukoo. Mtu hakuwa mkubwa kwa sababu amesoma. Alikuwa mkubwa kwa sababu rika lake limefika zamu. Kijana aliyebatizwa aliacha mengi, na wazee wengi walimwona amekuwa mtu wa pembeni. Mchungaji mwenyeji ndiye aliyeweza kukaa na wazee hao chini ya mti na kuzungumza nao kwa Kimaa bila mkalimani, akijua lipi linaweza kusemwa mbele ya vijana na lipi haliwezi.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Pili. Wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini, na wachungaji wenyeji waliobarikiwa miaka mitano tu kabla yake wakajikuta wanabeba sharika nzima, wakisaidiwa na Wamarekani wachache. Kanisa halikufa. Nimesoma makala nyingi zinazosema vita hivyo vilikuwa msiba kwa misioni za Kijerumani. Kwa upande wa Ilboru na Nkoaranga naona vilimaliza mjadala kama mwenyeji anaweza kuongoza au hawezi. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na makao makuu yake yakawekwa hapahapa Arusha. Chuo chao cha theolojia kilikuwa kimehamia Makumira tangu 1954, kando ya barabara ileile niliyopita na haisi.

Kabla ya Ilboru nilikuwa nimezunguka mlima kwenda Ngare Nanyuki, na siwezi kuruka habari zake, kwa sababu huko ndiko nilikoelewa kwamba kwa Wameru kanisa na ardhi vilishonwa pamoja. Basi la kutoka Usa River linapita ndani ya Hifadhi ya Arusha. Abiria wenye magunia ya vitunguu wanapita katikati ya twiga bila kugeuza shingo, wakati mtalii amelipa dola nyingi kuona twiga huyohuyo. Upande wa pili wa mlima mvua ni kidogo, vumbi ni jingi, na maji yana madini ya floridi yanayoacha meno ya watoto na rangi ya kahawia. Ndiyo nchi ya nyanya na vitunguu. Ndiyo pia nchi ambayo mwezi Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka mashamba namba 31 na 328 ili wapewe walowezi wa kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa, na jengo la kanisa nalo likabomolewa.

Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, mtoto wa shule za misioni, alikwenda New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza kesi ya Wameru, akisaidiwa na wakili Earle Seaton kutoka Bermuda aliyekuwa na ofisi Moshi. Hakupata kura za kutosha. Lakini miaka mitatu kabla ya Nyerere kusimama katika ukumbi huohuo, Mmeru alikuwa amekwisha kusema. Mama aliyeniuzia chai Ngare Nanyuki alinieleza habari za Kirilo kana kwamba aliondoka juzi, halafu akaniuliza kama najua kwamba walichanga wenyewe nauli yake. Watu waliozoea kuchanga kwa ajili ya benchi za kanisa walikuwa wanajua kuchanga.

Tabia hiyo ya kusema "hiki ni chetu, tumekichangia" ililipuka tena baada ya miaka arobaini, safari hii ndani ya kanisa lenyewe. Kati ya 1990 na 1993 Walutheri wa Meru waligawanyika vibaya. Wengi walitaka dayosisi yao wenyewe, watoke chini ya Dayosisi ya Kaskazini yenye makao Moshi, wengine walikataa, uongozi wa juu ulisita. Mali ziliharibiwa, polisi waliitwa, ndugu waliacha kusalimiana. Mwisho wake Wameru walipata dayosisi yao ndani ya KKKT, na kundi jingine likajitenga kabisa likaanzisha kanisa lake. Ukizungumza na watu wa Nkoaranga kuhusu miaka ile wanapunguza sauti. Sababu walizonitajia zilikuwa nyingi, za fedha, za koo, za siasa, ila kila mmoja alifika mahali aliposema kwa namna yake: hatukutaka mtu wa mbali atuchagulie kiongozi.

Nikiwa na maneno hayo nikaenda Ngaramtoni.

Ni mwendo mfupi kwa haisi kutoka mjini kwa barabara ya Namanga, kupita Sakina, upande wa Chuo cha Misitu Olmotonyi. Chuo Kikuu cha Mount Meru kilifunguliwa huko, nacho ni mtoto wa seminari ile ya Kibaptisti ya 1962. Wabaptisti waliokuja 1956 walikuwa wa Kusini mwa Marekani, na baadhi yao walitoka Nigeria, ambako misioni yao ilikuwapo tangu 1850. Walianza Tanganyika na Kenya kwa pamoja. Upande wa kusini walijenga hospitali ya kifua kikuu Mbeya, na kwa wachungaji wakachagua Arusha. Ukitazama ramani unaelewa: wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanganyika wangefika bila kuvuka nchi nzima.

Sina budi kusema jambo ambalo wenyeji wangu hawakulitaja. Umoja wa Wabaptisti wa Kusini ulizaliwa mwaka 1845 kwa sababu ya ugomvi juu ya utumwa. Wao walikuwa upande uliotaka mmisionari aruhusiwe kuwa na watumwa. Waliomba msamaha rasmi mwaka 1995 tu. Walipofungua seminari Arusha, makanisa mengi ya nyumbani kwao yalikuwa bado hayampokei mtu mweusi kuwa mshirika. Sijui mwanafunzi wa 1962, mwaka mmoja baada ya uhuru, alikuwa anafikiri nini alipokaa darasani mbele ya mwalimu wa Texas. Lakini alitoka na cheti, akarudi kwao, akawa mchungaji.

Na hapa ndipo utaratibu wa Kibaptisti unapotofautiana na ule niliouona mlimani. Kwa Walutheri mchungaji hubarikiwa na askofu na hupangiwa usharika. Akihamishwa anafunga mizigo. Kwa Wabaptisti kila kanisa la mahali ni bwana wa mambo yake. Washirika hukutana, huzungumza, hupiga kura, humwita mchungaji wao, na wakichoka naye hupiga kura tena. Jumuiya yao ya kitaifa, iliyoundwa mwaka 1971, inashauri na kuunganisha, lakini haipeleki barua za uhamisho. Hata ubatizo wao una sura hiyo: hawabatizi mtoto mchanga, wanazamisha mtu mzima aliyeamua mwenyewe, katika kisima cha kanisa au mtoni.

Basi ile miaka sita dhidi ya thelathini na miwili haielezwi na wema wa Wamarekani peke yake. Walikuja uhuru ukikaribia, na mtu asiyefundisha wenyeji haraka angefungiwa mlango. Na kanuni yao iliwalazimisha, kwa sababu kanisa la mahali lisilo na mtu wa kumwita si kanisa la Kibaptisti. Lakini hasara yake ipo. Mchungaji wa Kilutheri Nkoaranga ana dayosisi nyuma yake, hospitali, shule, na vitabu vya historia. Makanisa ya Kibaptisti mengi niliyoyaona kati ya Sakina na Ngaramtoni ni majengo ya matofali yasiyopigwa lipu, na habari za wachungaji wao wa kwanza ziko vichwani mwa wazee wachache. Hakuna Parsalaw wao bado.

Mchungaji mmoja wa Kibaptisti alinikaribisha nyumbani kwake, mke wake akatuletea loshoro kwenye mabakuli makubwa. Alikuwa na ekari ya mahindi na maharage, kwa sababu sadaka haitoshi. Nilimweleza habari za Laiser na za vurugu za Meru, akanisikiliza kwa makini, akasema ndugu zake Walutheri wangekuwa wamepunguza maumivu kama wangewaachia watu kuchagua tangu mwanzo. Nikamwambia yeye pia anasema hivyo kwa sababu ni Mbaptisti. Akacheka sana.

Kisha akaomba radhi, alikuwa anawahi kikao. Kanisa la jirani halikuwa na mchungaji tangu mwaka uliopita, na washirika walikuwa wanakutana jioni ile kupiga kura ya kumwita mwingine. Yeye alitakiwa kuwa msimamizi. Nikamuuliza wagombea ni wangapi.

"Mmoja," alisema, akifunga kamba za viatu. "Na hata huyo, wazee bado wanabishana kama wamlipe kwa mwezi au kwa mavuno."